Samaki wa ziwa letu wanasomwa akili duniani kote, vijana wetu nao waingie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu sasa. Naandika kirefu kidogo, ukiona inabidi kupunguza punguza ila hoja yenyewe tafadhali iache. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, shahada ya kwanza nimesomea uvuvi hapahapa nchini, na sasa hivi niko kwenye kundi la utafiti la chuo kikuu kimoja huko Ulaya ambalo kazi yake ni kusoma tabia za samaki na akili zao, yaani samaki anajifunzaje, anakumbuka nini, anamtambuaje mwenzake, anaamuaje nani wa kupigana naye na nani wa kumkwepa. Na samaki wenyewe tunaowasoma wametoka Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo mimi nimejifunzia kuogelea.

Nikirudi nyumbani vijana wananiuliza nimepitia wapi mpaka nikafika huko na kama kweli kuna hela. Wazee swali lao ni lingine kabisa. Mzee mmoja pale mwaloni Kibirizi aliniambia, mwanangu, samaki angekuwa na akili angeingia kwenye wavu kila siku? Swali la mzee ni zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa kwenye vyumba vya semina, kwahiyo nianze nalo.

Kuna samaki mdogo anaishi kwenye maji ya kina kifupi ukingoni mwa Tanganyika na kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani, wataalamu wanamwita Astatotilapia burtoni. Dume mwenye eneo lake anakuwa na rangi kali, buluu au njano, na mstari mweusi unapita usoni kwenye jicho, akinyang'anywa eneo ule mstari unafifia ndani ya dakika chache tu na yeye anaanza kukaa kinyonge. Sasa mwaka 2007 watafiti wa Stanford kule Marekani, Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald, walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio ambalo mimi mpaka leo nikilisoma nasisimka. Walichukua madume watano, tuwaite A, B, C, D na E, wakapanga mapigano kwa ujanja wa kumwingiza mmoja kwenye eneo la mwingine maana mgeni huwa anapigwa. A akampiga B, B akampiga C, C akampiga D, D akampiga E. Pembeni kuna dume mwingine amewekwa anaangalia tu kupitia ukuta wa kioo, hapigani na mtu. Huyu mtazamaji hajawahi hata siku moja kuona B na D wakikutana. Mwisho wakamweka katikati, huku B, huku D, wote wawili amewaona wakishinda mara moja na wakishindwa mara moja. Akaenda kukaa upande wa D. Na samaki huyu akiwa na wasiwasi huwa anajisogeza karibu na yule aliye dhaifu, kwahiyo maana yake alishapiga hesabu kichwani kwamba kama B ni zaidi ya C, na C ni zaidi ya D, basi B ni zaidi ya D. Mtoto wa binadamu hesabu ya namna hiyo anaanza kuiweza akifika miaka 4 au 5 hivi.

Kwahiyo jibu langu kwa mzee lilikuwa hili, wavu haukuwepo wakati ubongo wa samaki unajengeka kwa maelfu na maelfu ya miaka, jirani mgomvi alikuwepo. Ukitaka kujua akili ya kiumbe muulize maswali ya maisha yake mwenyewe. Mzee alikaa kimya kidogo, alafu akaanza kunieleza mwenyewe jinsi kuhe wawili, dume na jike, wanavyolinda vitoto vyao kwenye mchanga, wanavyomfuata kila anayesogea, na jinsi ukimtoa mmoja yule aliyebaki anavyohangaika. Tukaongea mpaka jua likazama. Yaani ile ndio sayansi yangu yenyewe, mzee anaijua toka ujana wake, tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyewahi kumuuliza na hajawahi kuandika.

Mhariri, Watanzania wengi hawajui hazina iliyopo pale. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 673 na kina cha mita 1,470 hivi, tunaligawana na Kongo, Burundi na Zambia, na ndani yake kuna spishi zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja wa sikilidi, karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Na kila mmoja ana maisha yake. Kuna mmoja anaitwa Lamprologus callipterus, dume ni mkubwa anafika uzito wa mara 12 wa jike wake, na sababu ya ukubwa huo ni ya ajabu, ni lazima awe na nguvu za kubeba kwa mdomo maganda matupu ya konokono. Anayakusanya mamoja mamoja mpaka yanakuwa rundo, mengine anayaiba kwa jirani, na majike wanakuja kutagia humo ndani. Jike lazima awe mdogo vya kutosha aingie kwenye ganda. Ukipiga mbizi na miwani tu ya kuogelea ukatulia bila kupiga miguu unamwona analikamata ganda ukingoni, anarudi nalo kinyumenyume, linamponyoka, anarudia, mpaka analifikisha. Nimemwangalia samaki huyo mpaka baridi inaniingia mwilini na bado sitaki kutoka majini.

Kuna mwingine, Perissodus microlepis, chakula chake ni magamba ya samaki wenzake, anavizia kwa nyuma anachomoa gamba anakimbia. Mdomo wake umepinda, wengine kulia wengine kushoto, aliyepinda kulia anashambulia ubavu wa kushoto wa mwenzake na aliyepinda kushoto anashambulia ubavu wa kulia. Michio Hori wa Japani alionyesha kwenye jarida la Science mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizi mbili inapanda na kushuka ila inazunguka palepale kwenye nusu kwa nusu, kwa sababu wakizidi wa upande mmoja wale wanaoliwa magamba wanazoea kuangalia upande huo, basi wa upande wa pili wanapata mwanya wanashiba wanazaa zaidi. Huo mchezo wote uko kwenye maji ambayo sisi tunachota ya kuoshea vyombo.

Alafu kuna huyu ninayemfanyia kazi mimi, Neolamprologus pulcher na ndugu yake brichardi. Wanaishi kwa familia kwenye mawe, dume na jike wakubwa wana eneo lao na chini yao kuna wadogo ambao hawazai, wanasaidia tu, wanatoa mchanga kwenye mwanya wa jiwe, wanasafisha mayai, wanafukuza wavamizi. Michael Taborsky na Dominique Limberger waliandika habari zao mwaka 1981 na toka hapo Bern kule Uswisi wameendelea nao mpaka leo, na kule Kanada Sigal Balshine ana kundi lake linalowasoma. Kazi ya hao wadogo ni kama kodi ya pango, unasaidia ndio unakaa. Ukimzuia msaidizi asifanye kazi kwa muda, ukimrudisha wakubwa wanaweza kumshambulia na yeye anaongeza bidii. Watafiti wa Osaka wakiongozwa na Masanori Kohda walionyesha mwaka 2015 kwamba samaki hawa wanatambuana kwa sura, walichezea picha kwenye kompyuta wakaweka uso wa samaki anayejulikana kwenye mwili wa mgeni, na samaki alifuata uso.

Sasa angalia orodha hiyo ya sehemu nilizotaja, Mhariri. Stanford, Bern, Osaka, Kanada. Ongeza Konstanz kule Ujerumani ambako Alex Jordan na wenzake wa taasisi ya Max Planck wanapiga mbizi kila mwaka upande wa Zambia. Ongeza Bonn, ambako Vera Schluessel na wenzake mwaka 2022 walichapisha kwamba samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, yule wanayemwita zebra, anaweza kujifunza kujumlisha moja na kutoa moja. Anaonyeshwa maumbo, yakiwa ya buluu maana yake ongeza moja, yakiwa ya njano punguza moja, alafu anafunguliwa mlango anachagua kati ya kadi mbili. Akionyeshwa tatu za buluu anaenda kwenye nne. Samaki wa Nyasa anafundishwa hesabu Bonn, na mtoto wa Mbamba Bay anayemjua samaki huyo kwa jina la kwao hajui kama kuna kazi ya namna hiyo duniani.

Hii ndio inaniuma. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni niliomba mradi wangu uwe wa tabia, nikae ukingoni niandike nani anamfukuza nani, nikaambiwa hiyo sio mada, chukua chakula cha sato, pima uzito wiki ya kwanza na wiki ya nane uandike ripoti. Nikafanya. Sina ugomvi na chakula cha sato, watu wanakula na wanasomesha watoto kwa sato wa bwawani, ila kwanini uvuvi wote uishie kwenye kilo? Na swali la kwanza unaloulizwa ni "itasaidia nini". Haya, nijibu hilo la kusaidia.

Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wa ukoo huohuo wa sikilidi. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 60, miaka ya 1980 akalipuka, furu wakaliwa, spishi zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka au zikawa karibu kutoweka. Hiyo wengi wanaijua. Ambayo hawaijui ni kwamba wengine walipotea bila kuliwa na yeyote. Ole Seehausen na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Mwanza walionyesha mwaka 1997 kwamba jike wa furu anachagua dume kwa rangi. Kuna furu wawili ndugu, mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, dume wake ana rangi ya kibuluu, mwingine Pundamilia nyererei, jina la Mwalimu hilo, dume wake ana mgongo mwekundu. Kwenye maji maangavu kama kule kisiwa cha Makobe jike anaona vizuri, mwekundu anapata jike wake, wa buluu wake, spishi mbili zinabaki mbili. Maji yakichafuka kwa udongo wa mashamba na uchafu wa miji mwanga unabadilika, rangi hazionekani, jike anakosea, wanachanganyika, na baada ya muda unabaki na samaki wa rangi ya vumbi. Mwaka 2008 wakaongeza kwamba hata macho ya samaki hawa yamejipanga kwa kina wanachoishi, wa chini zaidi anaona wekundu vizuri zaidi, na kwenye karatasi hiyo ya utafiti iliyotoka Nature lipo jina la Mtanzania, H. D. J. Mrosso wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, Mwanza, pamoja na Wajapani na Wazungu. Bila mtu kukaa akaangalia jike wa furu anachaguaje mchumba tusingejua kabisa kwamba tope linaua spishi bila kuua samaki hata mmoja. Ungehesabu kilo tu ungesema furu wapo.

Na kwetu Tanganyika mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, wavuvi waliumia na waliuliza maswali ya haki kabisa, kwanini miezi hii, kwanini samaki wote kwa pamoja. Maswali hayo ni ya tabia ya samaki. Anazaa wapi, lini, mzazi anakaa na watoto muda gani, akitolewa mzazi mmoja watoto wanapona au wanaliwa. Kokoro, ule wavu wa kukokota, likipita kwenye mchanga wenye viota hasara yake huioni kwenye mzani siku hiyo. Serikali ikiwa na majibu ya hivyo, yametafutwa na vijana wa Kigoma na Rukwa, hata mvuvi ukimwambia subiri atakuelewa.

Sasa kwa vijana, maana nimeahidi wengi nitaandika. Kuingia kwenye kundi la utafiti la namna hii sio muujiza na sio lazima uwe umeongoza darasa. Kundi lenyewe ni watu wachache, profesa mmoja, wanafunzi wa uzamivu, wa uzamili, fundi wa matangi, labda mtaalamu wa kompyuta. Profesa anapokea barua pepe nyingi sana, na nyingi kutoka kwetu zinafanana, "Dear Sir, natafuta skolashipu, naomba unisaidie", imetumwa kwa watu hamsini kwa wakati mmoja, jina la profesa mwingine limesahaulika humo. Haisomwi. Fanya hivi, chagua makundi mawili matatu tu, soma karatasi zao kweli, nyingi ziko wazi kwenye mtandao huna haja ya kulipa, alafu andika nusu ukurasa, umesoma nini, swali gani limekujia, na wewe una nini ambacho wengine hawana. Na kitu unacho. Mtoto wa Katonga au wa Kasanga anayeogelea toka ana miaka sita, anayejua mawe yako wapi na upepo unageuka saa ngapi, ambaye anaweza kuongea na wavuvi kwa Kiha au Kifipa, huyo kwenye timu inayokuja ziwani ana thamani kubwa sana na anapaswa kuisema bila aibu. Mimi barua yangu iliyojibiwa ndio ile niliyoandika kuhusu samaki niliyemwona kwa macho yangu kule nyumbani akifanya kitu ambacho karatasi yao haikukitaja.

Hela ipo lakini itafute kwa utaratibu. Ujerumani wana DAAD, Japani wana skolashipu za MEXT, Uswisi serikali yao ina za kwake, na sehemu nyingi za Ulaya nafasi ya uzamivu ni ajira kabisa, una mkataba na mshahara, inatangazwa kama kazi. Kwa miradi midogo ya hifadhi kuna Rufford Foundation, hiyo unaweza kuomba ukiwa hapahapa. Kabla ya yote hayo jifunze vitu viwili ukiwa nyumbani, takwimu kwa programu ya R, ambayo ni ya bure, na programu ya BORIS, nayo ya bure, ambayo unaingiza video ya wanyama unabonyeza herufi kila tabia inapotokea, kufukuza, kukimbia, kuchimba, inakutolea jedwali. Video unapiga kwa simu yako. Weka simu mbele ya tangi la samaki wa mapambo au hata beseni la sato wadogo, chukua dakika kumi, kaa uhesabu. Ukichoka dakika ya nne jua mapema kazi hii itakusumbua, maana kazi yenyewe ni hiyo.

Niseme ukweli kuhusu kazi ya kila siku pia watu wasije wakadhani ni kupiga mbizi tu na kupiga picha. Asubuhi unaanza na maji. Unapima amonia, unapima joto, unasafisha sponji za vichujio, unavuta uchafu wa chini kwa mpira, unalisha, unaangalia nani ana jeraha. Samaki aliyeumia anatolewa, kuna sheria na kuna vibali, na mtu hawezi kufanya jaribio linalomuumiza samaki kwa kujisikia tu, na mimi naona ni sawa kabisa, kama tunasema ana akili hatuwezi kumtendea kama kipande cha mti. Alafu ndio unakaa kwenye kiti mbele ya kioo, unatulia mpaka samaki wakusahau, unawasha saa. Msaidizi mdogo anapita karibu na mkubwa, anainua kichwa juu na kutetemesha mkia, hiyo ni ishara ya unyenyekevu, mkubwa anamwacha. Mwingine anapita bila kufanya hivyo, anagongwa. Unaandika. Tangi la pili. Unaandika. Na hutakiwi kujua tangi lipi ni la jaribio na lipi ni la kulinganishia, maana ukijua jicho linaanza kuona unachotaka lione. Jioni unaingiza namba. Wiki zinapita ukiwa huna jibu lolote, alafu siku moja ukichora mchoro unaona kitu, na hakuna mtu mwingine duniani anayekijua zaidi yako na kundi lako. Raha yake siwezi kuielezea.

Na ubishi upo mwingi, ndio utamu wake. Mfano yule samaki msafishaji wa kwenye matumbawe, Labroides dimidiatus, ambaye hata huku kwetu Mafia na Mnemba yupo, anakula vimelea kwenye miili ya samaki wakubwa. Mwaka 2019 Kohda, Jordan na wenzao waliandika kwamba akiwekewa alama ya kahawia kooni alafu akajiona kwenye kioo anaenda kujisugua koo kwenye mchanga, na ikiwa alama haionekani au kioo hakipo hajisugui. Wengine wakasema basi anajitambua kama sokwe, wengine wakakataa katakata akiwemo Gordon Gallup aliyebuni jaribio la kioo kwa sokwe mwaka 1970. Mimi binafsi naona jaribio ni zuri ila kujisugua hakutoshi kuniambia samaki anajua "huyu ni mimi", nahitaji zaidi. Kijana wa Zanzibar aliye pale Taasisi ya Sayansi za Bahari ana matumbawe mlangoni, anaweza kuingia kwenye ubishi huu leo. Hali kadhalika chewa na mkunga, Redouan Bshary na wenzake waliandika mwaka 2006 kutoka Bahari ya Shamu kwamba chewa anaenda kwenye pango la mkunga anatikisa kichwa, kumwita wakawinde pamoja, mmoja juu mmoja ndani ya mwanya. Wavuvi wetu wa pwani wanawajua chewa na mkunga vizuri mno, nani amewauliza kama wameona?

Hapo ndipo nataka vyuo vyetu visikie. Kundi la utafiti la tabia za samaki halihitaji mashine za mabilioni. Linahitaji matangi ya vioo ambayo fundi wa mjini anaweza kutengeneza, pampu za hewa, umeme wa sola kwa siku ukikatika, kamera, kompyuta, na mtu wa kuliongoza. Ziwa lipo bure. FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wana kampasi Kigoma na Nyegezi, TAFIRI wana vituo Kigoma na Mwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina skuli ya sayansi za majini, SUA, chuo kikuu cha kilimo, wapo, vibali vya utafiti viko COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Vipande vyote vipo, havijaunganishwa tu. Kule ng'ambo Uvira, Kongo, Wajapani wa Kyoto walifanya kazi miaka mingi na watafiti wa kituo cha hapo, na Wakongo kama Nshombo Muderhwa wakachapisha pamoja nao toka miaka ya 1980, tena kuhusu huyohuyo mla magamba. Wao waliweza wakiwa kwenye mazingira magumu kuliko yetu.

Na kwa timu za nje zinazokuja, nami nikiwa ndani ya mojawapo, tunawashukuru sana kwa kuajiri vijana wetu kuendesha boti na kubeba mitungi ya hewa, ila kijana ambaye amekuonyesha kiota kiko wapi na amepiga mbizi na wewe msimu mzima amefanya utafiti, mfundishe kuandika data, mpe kompyuta jioni, na jina lake liwekwe kwenye karatasi kama anastahili. Nimewaona vijana wa aina hiyo, wanatambua spishi majini haraka kuliko sisi wenye shahada, na miaka inapita bado ni waendesha boti.

Pendekezo langu ni hili na ni dogo linawezekana. Kama ziwa litafungwa tena kwa miezi mitatu, boti zitakuwa zimepaki na vijana hawana kazi. FETA Kigoma na TAFIRI wachukue vijana wachache wanaojua kupiga mbizi, wawape miwani, ubao wa plastiki na penseli, wawafundishe wiki moja namna ya kuhesabu na kuandika, kila mmoja apewe kipande chake cha mawe pale Katonga, Kibirizi mpaka karibu na Gombe, aandike viota, wazazi, watoto, tarehe na kina. Gombe yenyewe ilianza mwaka 1960 na Jane Goodall akiwa na darubini na daftari, na baadaye vijana wa vijiji vya jirani ndio waliokuja kuwa waangalizi wa sokwe kila siku. Mimi niko tayari kuja likizo yangu kufundisha hiyo wiki moja bila malipo, na kwenye kundi langu wapo wengine wawili wameshaniambia watakuja.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma